Mwenyekiti ni Taulo: Historia ya Ubishi wa Viti vya Bwawani

Leo siongei siasa na siongei mapenzi. Leo naongea kuhusu viti. Najua unataka kupita hii post, lakini ngoja kwanza, kwa sababu hii story ya viti ilinikata mshahara.

Miaka miwili iliyopita, baada ya mimi na chuo kuachana (karo ilikataa, hiyo nitawaambia siku ingine), nilienda Pwani kukaa kwa anko. Akanitafutia kibarua kwa hoteli moja ya ufuoni, jina tuliache. Kazi yangu ilikuwa taulo. Saa kumi na moja asubuhi niko kando ya bwawa la kuogelea, napanga vile vitanda vya jua, vile virefu vya kulala, naweka mito, napanguza umande.

Sasa saa kumi na mbili hivi, kabla jua halijatoka vizuri, anakuja mgeni mmoja na malapa. Ana taulo nne. Anaziweka kwa vitanda vinne vya mstari wa mbele, juu yake anaweka kitabu, miwani, chupa ya mafuta ya ngozi, kiatu kimoja. Anarudi kulala. Kurudi kwake ni saa tano. Kila siku.

Ukutani kulikuwa na bango: kitanda kikiachwa nusu saa bila mtu, mfanyakazi ataondoa vitu. Siku moja akaja mama na watoto wawili, hana pa kukaa, vitanda vyote vina taulo lakini bwawa zima halina hata watu kumi. Akaniuliza kwa upole kama hivyo vinne vina watu. Nikaangalia saa: masaa matatu na nusu. Nikakunja taulo vizuri, nikaweka vitu vyote mahali pamoja, mama akakaa. Nilijiona raisi.

Mwenye taulo alipofika, alinipigia kelele mpaka jikoni wakasikia. Meneja akaja mbio. Unajua alifanya nini? Alimwomba mgeni msamaha, akamletea madafu ya bure, na mimi nikakatwa siku mbili. Mzee mmoja ambaye amekuwa akifanya hiyo kazi tangu mimi sijazaliwa akanivuta kando akaniambia: "Mwanangu, ile sheria pale ukutani ni ya wageni kusoma. Si yako wewe kuifanya."

Hiyo sentensi imenikaa kwa kichwa hadi leo. So nikaanza kutafuta: huu ubishi wa viti ulitoka wapi? Nani wa kwanza kuweka kitu chake kwa kiti akasema "hapa kuna mtu"? Kumbe jibu liko baharini.

Zamani kiti kilikuwa na jina lako

Rudi na mimi hadi karne ya 19. Hakuna ndege. Ukitaka kutoka Uingereza kwenda Marekani ni meli, na safari ni siku nyingi za baridi na kichefuchefu. Hewa safi iko juu kwenye sitaha, ile sakafu ya wazi ya meli. Mwanzoni, abiria aliyetaka kukaa vizuri huko juu alikuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, kile cha mbao cha kukunjwa, na jina lake limeandikwa. Hakukuwa na ubishi. Kiti ni chako kama vile begi ni lako.

Baadaye makampuni ya meli yakaona hapo kuna pesa. Yakaanza kukodisha viti. Unaenda kwa mhudumu wa sitaha, unalipa, anakupangia mahali, halafu anaweka kadi yenye jina lako kwa kishikio kidogo nyuma ya kiti. Hicho kiti ni chako safari yote. Ukishuka kula, ukilala mchana kutwa kwa kabini, hakuna mtu anakikalia. Na ukitaka kona isiyo na upepo, ama kukaa karibu na mtu fulani maarufu, unajua vile hizo vitu huenda: unampa mhudumu kitu kidogo.

Kwa Titanic, mwaka wa 1912, bei ya kukodi kiti ilikuwa shilingi 4 za Kiingereza, ama dola 1 ya Marekani, kwa safari nzima. Blanketi nalo ulilipia kando. Na blanketi lilihitajika, kwa sababu Atlantiki ya kaskazini si Diani. Hawa watu hawakuwa wanaota jua. Walikuwa wamefungwa kama chapati, wanaletewa supu ya moto saa tano asubuhi, wanaangalia maji.

Angalia hiyo mpangilio. Hakuna kugombana, ni kweli. Lakini hakuna kugombana kwa sababu wasio na pesa hawakuwa hapo kabisa. Abiria wa daraja la tatu walikuwa na sehemu yao ya meli na hawangeruhusiwa kupanda kwenye sitaha ya matajiri kukaa. Amani ya viti ilinunuliwa kwa geti.

Na tukiwa bado kwa Titanic: Waingereza na Wamarekani wana msemo wa kumcheka mtu anayeshughulika na mambo madogo wakati janga limefika, wanasema anapanga viti vya sitaha meli ikizama. Lakini kuna mtu mmoja alishughulika na hivyo viti usiku huo, na hakuwa mjinga. Charles Joughin, mkuu wa waokaji mikate, aliiambia tume ya uchunguzi ya Uingereza kwamba alitupa viti kama hamsini hivi baharini ili watu wapate kitu cha kushikilia. Yeye aliokoka. Watu kama 1,500 hawakuokoka. Mwaka wa 2015, kiti kimoja kilichookotwa majini baada ya ajali hiyo kiliuzwa kwa mnada Uingereza kwa pauni 100,000. Kiti cha kukodi shilingi nne. Haya basi.

Sitaha nyingine, watu wengine

Usidhani hii ni historia ya wazungu pekee. Bandari ya Mombasa inaijua sitaha vizuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli za kampuni ya British India kama Kampala na Karanja zilikuwa zinapiga kati ya Bombay na Afrika Mashariki, zinashika Mombasa. Familia nyingi za Wahindi wa Kenya ziko na babu ama nyanya aliyekuja na meli za namna hii. Waliokuwa na pesa walikuwa na kabini. Wengine walikuwa wanaitwa abiria wa sitaha. Hao hawakukodi kiti. Walikuja na matandiko yao, wakatandika, na hapo ndipo palikuwa nyumbani hadi meli ifike.

Sasa fikiria: kwa meli moja, kipande cha sitaha ni mahali pa starehe ya mtu, na kipande kingine ni kitanda cha familia nzima. Ukitandika shuka yako pale, unasema "hapa kuna mtu," na kweli kuna mtu. Analala hapo. Hiyo si taulo ya saa kumi na mbili asubuhi. Weka hiyo tofauti kwa akili, tutarudi kwake.

Ndege zikaharibu biashara, kiti kikawa cha bure

Oktoba 1958, ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki: kwanza Comet ya shirika la BOAC, na wiki chache baadaye Boeing 707 ya Pan Am. Safari ya siku tano ikawa ya masaa. Nani tena atapanda meli kwa sababu anataka kufika? Makampuni ya meli yalikuwa na chaguo mbili: kufa, ama kuuza meli yenyewe kama mahali pa kwenda.

Wazo halikuwa jipya. Januari 1891 Mjerumani Albert Ballin, wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg, alikuwa na meli kubwa, Augusta Victoria, ambayo wakati wa baridi haikuwa na abiria wa kutosha. Akaipeleka Mediterania na watalii. Watu walimcheka, lakini safari ilifanikiwa. Na kufikia 1932 meli ya Kiitaliano Rex ilikuwa na mabwawa ya kuogelea ya nje kabisa, kwa sababu sasa ngozi kuchomwa na jua ilikuwa imekuwa fasheni kwa matajiri wa Ulaya. Blanketi likatoka, taulo ikaingia.

Lakini mabadiliko makubwa ni ya miaka ya 1960 na 1970, huko Miami. Norwegian Caribbean Line ilianza 1966, Royal Caribbean 1968, na Carnival ya Ted Arison 1972. Safari ya kwanza ya Carnival, meli yao Mardi Gras ilikwama kwenye mchanga hapo nje tu ya Miami na abiria ndani. Wakaendelea hivyo hivyo. Hawa watu waliuza kitu kipya: meli bila madaraja. Bei moja, chakula ndani, bwawa ndani, kila mtu anaenda kila mahali. Fundi wa magari na daktari wako kwa bwawa moja.

Na mimi naipenda hiyo. Kwa kweli naipenda. Geti lilivunjwa.

Shida ni kwamba walipovunja geti, walitoa pia ile kadi yenye jina nyuma ya kiti. Kiti sasa hakilipiwi, hakina jina, na hakuna mhudumu wa kukupangia. Ni wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kukaa. Halafu meli zikakua. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inabeba watu 5,610 ukihesabu wawili kwa kila kabini, na ikijaa kabisa inapita 7,000. Siku meli iko katikati ya bahari na jua linawaka, wote wanataka mahali pamoja, saa moja, mstari wa mbele. Hapo ndipo taulo ikachukua kazi ya kadi. Tofauti ni kwamba kadi ulilipia. Taulo unaiweka tu.

Mjerumani aliyeona serikali ndani ya viti

Sasa hapa ndipo nilikaa chini. Kuna msomi wa Ujerumani anaitwa Heinrich Popitz. Mwaka wa 1968 alichapisha kitabu kidogo kuhusu vile nguvu za watu juu ya watu wengine huzaliwa. Na mfano wake wa kwanza? Viti vya sitaha.

Anasema hivi. Kuna meli, na viti ni kama theluthi moja tu ya abiria. Siku za kwanza hakuna shida. Ukiinuka, kiti ni cha anayekuja. Kuacha kitu chako juu yake hakuhesabiki. Viti vinazunguka, na kwa sababu watu hawakai wote saa moja, vinatosha. Halafu meli inafika bandarini, wengine wanashuka, wapya wanapanda. Hao wapya wanaanza kushikilia viti hata wakiwa hawapo. Na ghafla, viti havitoshi.

Soma hapo tena. Idadi ya viti haijabadilika. Idadi ya watu inaweza kuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kiti kisicho na mtu sasa kina mwenyewe.

Mbona wale wengi wasio na viti hawakukataa? Popitz anaeleza poa sana. Wenye viti wana kitu kimoja cha kulinda, kwa hivyo wanasaidiana haraka: mimi naangalia chako, wewe unaangalia changu. Ukisogea karibu na kiti kitupu, jirani yake anakuangalia vibaya. Wasio na viti kila mmoja yuko peke yake, na hata wakiungana, ushindi wao ni nini? Kurudisha utaratibu wa zamani, ambao haumpi yeyote kati yao kiti cha uhakika. Ni ngumu kupigania kitu ambacho hakitakuwa chako. Halafu inakuja hatua ya mwisho, na hii ndiyo iliniuma: wenye viti wanaanza kuwapa baadhi ya wasio nacho ruhusa ya kukaa kidogo, mradi wawalindie viti. Sasa kuna makundi matatu: wenye viti, walinzi, na wale hawana kitu. Hiyo ni nchi, wasee. Imezaliwa kwa siku chache juu ya maji.

Na Kiswahili chetu kilijua zamani. Mkubwa wa kikao tunamwitaje? Mwenyekiti. Mwenye kiti!

Stika, korti na pesa

Makampuni yamejaribu kutibu. Carnival ilileta stika mwaka wa 2013: mfanyakazi anaweka stika yenye saa kwa kiti kilichoachwa, na dakika 40 zikiisha vitu vinatolewa na kuwekwa mahali salama. Royal Caribbean sheria yao ni dakika 30. Sheria nzuri. Lakini nani anatoa hiyo taulo? Ni kijana kutoka Ufilipino, India, Indonesia, ama siku hizi Kenya, ambaye mapato yake yanategemea sana furaha ya huyo huyo mgeni. Kampuni imeandika sheria, halafu imempa mtu asiye na nguvu kazi ya kumkasirisha mwenye nguvu. Mimi najua huyo kijana. Mimi ni huyo kijana.

Hotelini mambo yamefika hadi kortini. Mjerumani mmoja alienda likizo Rhodes, Ugiriki, mwaka wa 2022 na familia yake, akakuta vitanda vimewekewa taulo kila siku na hoteli haifanyi chochote licha ya sheria yake yenyewe. Akashtaki kampuni iliyomuuzia safari. Mwisho wa 2023 korti ya Hannover ikasema arudishiwe sehemu ya pesa, zaidi ya yuro 300. Ona vile korti ilifikiria: hoteli haihitaji kumpa kila mtu kitanda kila wakati, lakini ukiwa na sheria na watu wanaivunja mbele yako, lazima ufanye kitu. Natamani yule meneja wangu angesoma hiyo.

Na dawa ingine ni ile ya zamani: pesa. Mwaka wa 2018 Thomas Cook walianza kuuza nafasi ya kuchagua kitanda chako kabla hata hujafika hotelini, kwa yuro 25. Kampuni yenyewe ilianguka mwaka uliofuata, ingawa si kwa sababu ya vitanda. Na kwa meli, siku hizi kuna sehemu za wenye vyumba vya bei, zina bwawa lao na mlango wa kadi. Humo hakuna vita vya taulo. Unaona tumerudi wapi? Geti. Miaka hamsini ya bwawa la wote, halafu tunasema haiwezekani, wacha wenye pesa wajifungie.

Kwani ni lazima iwe hivyo?

Mimi nakataa. Elinor Ostrom, mama wa Marekani aliyeshinda Nobel ya uchumi mwaka wa 2009, alitumia maisha yake kuchunguza vitu vya pamoja: malisho, maji ya kunyunyizia mashamba, samaki. Aligundua kwamba si lazima viharibiwe na si lazima vibinafsishwe. Vinadumu pale watumiaji wenyewe wanashiriki kuweka sheria, kuna mtu anaangalia, adhabu inaanza ndogo halafu inapanda, na mkikosana kuna mahali pa karibu pa kuamuliwa. Sasa linganisha na bwawa letu. Sheria iko ukutani, hakuna anayeangalia, na adhabu ilimwangukia aliyeitii.

Na usiwacheke watalii. Wewe pia unafanya. Nikiwa chuo, wakati wa mitihani, maktaba ilikuwa inajaa mabegi saa kumi na mbili asubuhi. Mabegi, si watu. Mtu anaweka daftari tupu kwa kiti, anaenda kunywa chai, anarudi saa nane. Wale wa kutoka mbali, wanaofika na matatu ya saa mbili, wanasomea kwa ngazi. Nilisomea kwa ngazi. Na niwaambie ukweli: semista ya pili nilihamia karibu, nikaanza kuweka begi pia. Sikuona shida tena. Vile Popitz alisema, ukipata kiti unaanza kuona utaratibu ni mzuri.

Kanisani ni hivyo. Kwa matatu, mtu ameweka mkoba kwa kiti, "hapa kuna mtu," na huyo mtu bado yuko Kasarani anaoga. Kile kiwanja cha mpira cha mtaa, siku moja mnaamka mnapata kimezungushwa mabati. Ni taulo tu, kubwa zaidi. Na utaona kila mara kuna walinzi waliopewa kitu kidogo, ambao jana walikuwa wanacheza hapo na nyinyi.

So adabu ya viti, kwa maoni yangu, ni swali moja tu: kuna mtu, ama kuna kitu? Ukiingia majini ukarudi baada ya dakika ishirini, hapo kuna mtu, tukuheshimu. Ukienda chooni na mtoto, kuna mtu. Abiria wa Karanja aliyetandika shuka ya kulala, hapo kulikuwa na mtu kweli kweli. Lakini ukienda kulala chumbani masaa manne, hapo hakuna mtu. Kuna taulo. Na taulo haichomwi na jua, haichoki kusimama, haina watoto wawili.

Ukimwekea mwenzako kiti, mwekee mmoja ambaye yuko njiani, si ukoo mzima. Ukiulizwa kama kuna mtu, jibu ukweli. Na ukiona mfanyakazi ametii sheria anafokewa, sema neno. Hata moja. Siku ile kando ya bwawa kulikuwa na wageni kama kumi wanaoona kila kitu, na kila mmoja aliyajua yale masaa matatu na nusu. Walivaa miwani wakageuka. Yule mama pekee ndiye alikuja jioni, akaniuliza jina langu, akasema pole. Siku mbili hazikurudi, lakini hiyo pole bado ninayo.

Yule mzee wa taulo bado yuko pale. Nilimpigia simu wiki iliyopita nikimwambia naandika hii, nikamsomea kidogo kuhusu yule Mjerumani wa viti. Akacheka sana. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi hayo nimeyaona miaka thelathini, na sikuandika kitabu." Nikamuuliza siku hizi taulo zikoje. Akasema saa kumi na mbili bado wanakuja.